Mipira mikubwa chini ya motokari: tunapata nini, tunalipa nini?



Mara nyingi ukurasa huu wa Usalama na Afya unasema juu ya malaria, maji ya kunywa na vumbi la machimbo. Leo tutazungumza juu ya mipira ya motokari, ile tunayoiita pine. Huenda mtu akauliza: muganga ana kazi gani na mipira? Jibu ni fupi. Fundi akikosea garajini, kosa lake halibaki garajini. Linaletwa kwetu juu ya machela.

Kisa cha shofere aliyesema kweli

Siku moja ya mvua, katika kambi moja nilipofanya kazi zamani, shofere aliletwa zahanati akiwa na matope hadi magotini. Yeye hakuumia sana. Lakini nyuma yake waliletwa watu wanne waliokuwa wamekaa juu ya magunia kwenye motokari yake. Mama mmoja, muuza mihogo, alikuwa amevunjika mfupa wa paja. Kijana mmoja alikuwa amepasuka kichwani.

Shofere alikaa kwenye benchi, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema: “Muganga, saa ilionyesha 50. Naapa, ilionyesha 50. Nimekanyaga freni mahali nilipozoea kukanyaga, motokari haikusimama. Imefika kwenye kona, ikalala ubavu taratibu, kama ng’ombe anayelala.”

Wakubwa walimwona kuwa mwongo. Mimi nilimwamini. Wiki mbili mbele ya siku hiyo, yeye na wenzake walikuwa wamenunua mipira ya okazio mjini, mipana na mirefu kuliko ile ya kiwanda, na wakaifunga wenyewe Jumapili. Kambi yote ilikwenda kuitazama. Watoto waliipigia makofi. Hakuna aliyejua kwamba tangu siku ile saa ya mwendo ilikuwa inasema uongo, freni zilikuwa zimepungua nguvu, na motokari ilikuwa imepanda juu. Shofere alisema kweli. Motokari ndiyo iliyomdanganya.

Tuchukue mambo hayo moja baada ya jingine, bila haraka.

Kwa nini tunapenda mipira mikubwa?

Sababu tunaijua sote. Njia ya kwenda Bafwasende, kilometa zapata 260 kutoka Kisangani, inapita katikati ya msitu. Njia ya Banalia na Buta ni vilevile. Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Makamio makubwa yakipita juu ya udongo mwekundu uliolowa, yanachimba mifereji miwili mirefu, na katikati yake unabaki mgongo wa udongo. Motokari ndogo ikiingia humo, tumbo lake na diferansiali vinakaa juu ya mgongo ule, magurudumu yanazunguka bure, na safari imekwisha. Watu wanalala porini na mbu.

Basi shofere anawaza: nikipata magurudumu makubwa, tumbo la motokari litapanda, nami nitapita. Wazo hilo si la kijinga. Lakini tupime kwanza tunapata kiasi gani.

Tunapata vidole viwili tu

Land Cruiser nyingi za kazi huvaa mpira ulioandikwa 7.50 R16, au 235/85 R16. Namba hizi husomwa hivi: 235 ni upana wa mpira kwa milimita. 85 ni urefu wa ubavu wake, kwa asilimia ya upana ule. 16 ni inchi za janti. Ukifanya hesabu, gurudumu zima lina kimo cha milimita 806 hivi.

Mpira mkubwa ambao vijana wanautafuta ni 315/75 R16. Kimo chake ni milimita 879 hivi. Tofauti ni milimita 73, na mtu anafurahi: sentimita saba! Lakini ngoja. Kitovu cha gurudumu kiko katikati. Nusu ya tofauti inakwenda juu, kuelekea bodi, na nusu tu ndiyo inayoinua diferansiali kutoka ardhini. Nusu ya 73 ni milimita 36 na kitu. Weka vidole vyako viwili pamoja ukaone. Ni hicho tu.

Na mfereji wa kamio mara nyingi una kina cha goti. Vidole viwili havitakuvusha.

Jambo la pili ni upana. Mpira mpana unasaidia mahali ambapo udongo ni laini mpaka chini kabisa, au kwenye mchanga, kwa sababu unaeneza uzito. Lakini mahali pengi kwenye njia zetu, chini ya ute wa matope kuna udongo mgumu wa changarawe. Hapo mpira mwembamba unakata ute, unafika chini na kushika. Mpira mpana unateleza juu yake kama ndala juu ya sabuni.

Saa ya mwendo inaanza kudanganya

Saa iliyo mbele ya shofere haijui mwendo wa njia. Inahesabu mizunguko tu. Kiwanda kimeifundisha kwamba kila mzunguko ni urefu fulani. Gurudumu likiwa kubwa zaidi, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi, lakini saa haijui.

Kwa mipira ile tuliyoitaja, kosa ni kama asilimia 9. Tazama:

Saa ikionyesha 50, mwendo wa kweli ni 54 hadi 55.
Saa ikionyesha 60, mwendo wa kweli ni 65.
Saa ikionyesha 80, mwendo wa kweli ni 87.

Mtu atasema, kilometa tano ni kitu gani? Lakini nguvu ya motokari inayogonga haiongezeki kama mwendo. Inaongezeka kama mwendo uliozidishwa kwa mwendo. Kwa hiyo asilimia 9 ya mwendo inakuwa karibu asilimia 19 ya nguvu inayopaswa kuzuiwa na freni, na isipozuiwa inazuiwa na mti au mifupa ya watu.

Hesabu ya kilometa nayo inapungua. Ukibadilisha mafuta ya injini saa ikisema 5000, kwa kweli umekwisha kukimbia karibu 5450.

Freni ni zilezile, mzigo si uleule

Kila mtu wa Kisangani anamjua toleka na baiskeli yake. Muulize toleka: baiskeli ya gurudumu kubwa na baiskeli ya gurudumu dogo, ipi ni nzito kupanda nayo mlima? Atakuambia ile ya gurudumu kubwa, kama meno ya mnyororo ni sawasawa. Mguu unasukuma palepale, lakini ardhi iko mbali zaidi na kitovu.

Ndivyo ilivyo kwa injini. Kila vitesi inakuwa nzito. Kwenye kilima chenye matope, shofere anachezesha klachi ili injini isizimike, na klachi inaungua. Na ndivyo ilivyo kwa freni pia. Freni inashika katikati ya gurudumu. Mpira ukiwa mrefu, ardhi inapata nguvu zaidi ya kuishinda freni. Kwa mguu uleule juu ya kanyagio, nguvu ya kusimamisha inapungua kwa asilimia 8 hivi.

Sasa ungeni mambo mawili: mwendo umezidi bila shofere kujua, na freni imepungua bila shofere kujua. Mahali motokari ilipokuwa inasimama kwa mita 30, sasa, saa ikionyesha namba ileile na mguu ukikanyaga kwa nguvu ileile, itahitaji karibu mita 39. Mita tisa ni urefu wa motokari mbili. Mama wa mihogo aliumia ndani ya mita tisa hizo.

Tuongeze jambo moja ambalo mafundi wengi wanalisahau. Mpira mpana, usukani ukikatwa mpaka mwisho, unaweza kugusa bomba laini la mafuta ya freni. Kwenye uwanja tambarare hausikii kitu. Lakini gurudumu moja likipanda juu ya gogo, mpira unasugua bomba. Unasugua leo, unasugua kesho, na siku moja mguu unazama hadi chini bila kukuta kitu.

Mama mwenye beseni kichwani

Tazameni mama anayeshuka mtoni kwenye utelezi. Akiwa na kikapo mgongoni, anainama na kushuka. Akiwa na beseni la maji kichwani, anakwenda polepole sana, kwa sababu uzito uko juu. Motokari ni vilevile.

Mipira peke yake imeinua motokari vidole viwili. Lakini mara nyingi mipira ikigusa bodi, watu huongeza vipande vya chuma kwenye resori ili kuinua bodi tena. Halafu juu ya hapo wanapakia magunia, mitungi, na watu juu ya magunia. Sasa beseni liko kichwani kabisa. Kwenye kona, au gurudumu la upande mmoja likizama mferejini, motokari inalala. Wala haihitaji mwendo mkubwa. Wale wa juu wanatupwa, na wengine motokari inawalalia. Majeraha mabaya kuliko yote niliyoyaona ni ya watu waliokuwa wamekaa juu ya mzigo.

Hatari ya garajini: upepo si kitu chepesi

Mpaka hapa tumesema juu ya njia. Lakini kuna watu wanaoumia hata kabla motokari haijaondoka. Ni mafundi, wasaidizi wao, na kwado wa kando ya njia.

Tuna desturi ya kufikiri kwamba upepo ni kitu chepesi. Tufanye hesabu. Upepo wa bar 4 unasukuma kila sentimita ya mraba kwa nguvu ya kilo 4. Ubavu mmoja wa mpira wa Land Cruiser una maelfu ya sentimita za mraba. Nguvu yote inayosukuma ubavu ule kwa ndani inapita tani 10. Kinachoizuia ni mpira wenyewe na janti tu.

Land Cruiser nyingi za kazi, na makamio mengi, zina janti ya vipande: sahani yenyewe na pete ya chuma inayofunga mpira. Pete ikiwa na kutu, au imepinda, au haikukaa vizuri katika mfereji wake, inaweza kuruka wakati wa kutia upepo. Inaruka kama panga lililotupwa na jitu. Inavunja taya, mkono, kifua. Nchini Marekani ajali hizi za magurudumu ya makamio zilikuwa mbaya hata mwaka 1980 ikawekwa sheria ya kazi: janti ya vipande itiwe upepo ndani ya kizimba cha chuma au kizuizi kingine kama hicho, na fundi afundishwe kwanza.

Kwa hiyo, ndugu fundi, shika maneno haya:

1. Toa upepo wote, uking’oa valvu ya ndani, kabla ya kugusa pete au kulegeza vipande vya janti.
2. Safisha kutu kwa brashi. Pete iliyopinda au yenye ufa itupwe. Usiipige nyundo ikiwa mpira una upepo.
3. Namba ya janti na namba ya mpira zilingane kabisa. Mpira wa inchi 16 usifungwe juu ya janti ya inchi 16 na nusu, hata kama unaingia. Upana nao ulingane: janti nyembamba ya inchi 5 na nusu, inayobeba 7.50 R16, haikutengenezwa kubeba mpira wa 315.
4. Tia upepo ukiwa na mpira mrefu wa kompresa, kishikio chenye kujifunga chenyewe, na wewe usimame kando, mbele ya alama za mpira, si mbele ya janti. Gurudumu likae ndani ya kizimba.
5. Usimwage petroli na kuwasha kibiriti ili mpira ukae kwenye janti. Wanaofanya hivyo wanajisifu mpaka siku moja.
6. Usichomelee janti ikiwa imevaa mpira, hata kama mpira hauna upepo. Joto linaweza kuupasua kwa kishindo.
7. Mpira uliokimbia bila upepo, nyuzi zake za ndani zimevunjika. Utazame ndani na nje kabla ya kuurudisha.
8. Watoto wasikae karibu. Mtoto anayependa kutazama kazi ya garaji, atazame kutoka mbali.

Pia tukumbuke mgongo wetu. Gurudumu zima la namna hii, pamoja na janti ya chuma, laweza kupita kilo 40. Usiliinue peke yako kwa kiuno. Liviringishe, tumia mtaimbo chini yake, au muwe wawili. Maumivu ya kiuno ninayoyaona zahanati Jumatatu asubuhi mara nyingi yamezaliwa Jumapili.

Mipira ya okazio: soma kabla ya kulipa

Ubavuni mwa mpira kuna maandishi mengi, nayo yote ni ya kukusaidia. Tafuta namba nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2315 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2015. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Ukiwa na nyufa ndogondogo kama udongo wa kiangazi, uuache, hata kama meno yake ni marefu na muuzaji anaapa.

Tazama pia namba ya mzigo. 100 ni kilo 800 kwa mpira mmoja. 120 ni kilo 1400. Mpira mkubwa kwa macho unaweza kuwa na namba ndogo ya mzigo kuliko ule mwembamba wa kazi. Huo ulitengenezwa kwa matembezi, si kwa mitungi na magunia.

Na mipira yote mitano, pamoja na ya akiba, iwe ya kimo kimoja. Motokari ikivuta kwa magurudumu manne, na ya mbele hayalingani na ya nyuma, meno ya ndani yanapigana yenyewe kwa yenyewe mpaka yavunjike.

Mbona wengine wanafanya na wanafaulu?

Kijana mmoja aliniuliza hivi, na swali lake ni zuri. Kule Iceland, kisiwa cha theluji na barafu, watu hutumia mipira mikubwa sana, hata ya kimo cha inchi 38. Mwaka 2007 Toyota Hilux zilizotengenezwa na mafundi wa Arctic Trucks wa nchi hiyo zilipita juu ya bahari iliyoganda katika safari ya kuelekea ncha ya sumaku ya kaskazini. Lakini mafundi wale hawakubadilisha mipira tu. Walikata na kupanua bodi, wakabadilisha meno ya diferansiali, wakatengeneza resori. Na mipira yao hutiwa upepo mdogo sana ili ielee juu ya theluji, huku motokari ikienda polepole.

Hilo ndilo somo. Gurudumu ni kiungo kimoja cha mwili. Ukimpa mtu mguu wa jitu, lazima umpe na moyo na mifupa ya jitu. Kinyume chake ni mgonjwa.

Basi tufanye nini kwenye matope yetu?

Kwanza, tubaki na kimo cha kiwanda, lakini tuchague mpira wenye meno marefu ya matope. Meno ndiyo yanayoshika.

Pili, kwenye matope mabaya tupunguze upepo kwa kiasi kilichowekwa na garaji. Mpira unajilaza, unashika ardhi zaidi. Lakini ukitoka matopeni, simama na urudishe upepo kabla ya kuongeza mwendo, maana mpira mlegevu unapata moto na kupasuka. Kwenye janti yenye mpira wa ndani, upepo mdogo mno unafanya mpira uteleze na kung’oa valvu. Kwa hiyo kipimo cha upepo na pampu viwe ndani ya motokari sikuzote.

Tatu, tubebe sepetu, panga, mbao mbili nene na kamba imara. Saa moja ya kuchimba mgongo wa udongo inaleta zaidi ya vidole viwili.

Nne, tuheshimu barieri za mvua. Zimewekwa ili njia ikauke. Anayezipita usiku anachimba kaburi la motokari ya mwenzake wa kesho.

Tano, kama kazi yenyewe kweli inadai mpira mkubwa zaidi, jambo hilo liamuliwe na garaji ya kampuni, si na shofere na rafiki zake. Wapande hatua ndogo. Kutoka 235/85 kwenda 285/75 R16, kwa mfano, kimo kinafika milimita 834 hivi. Kosa la saa ni asilimia 3 na nusu, na diferansiali inapanda milimita 14 tu. Waangalie upana wa janti, freni, mabomba, rulema na usukani uliokatwa pande zote, gurudumu moja likiwa juu ya gogo. Saa ya mwendo irekebishwe, au karatasi ya mwendo wa kweli ibandikwe mbele ya macho ya shofere. Kisha motokari ijaribiwe kusimama, tupu na yenye mzigo, mahali pasipo na watu, kabla ya kupewa kazi.

Ajali ikitokea

Yote haya tukiyafuata, bado ajali inaweza kuja. Tukumbuke:

Zuia hatari ya pili kwanza. Zima injini, wekeni matawi njiani pande zote mbili, na sigara isiwashwe karibu na petroli.

Damu ikitoka kwa nguvu, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia. Usiweke udongo, petroli wala majani. Kama ni mkono au mguu na damu haikubali kusimama, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kaza kwa kijiti, na uandike saa uliyofunga. Aambiwe muganga saa hiyo.

Chuma kilichoingia mwilini au machoni kisivutwe. Kifungiwe palepale kisitikisike.

Mfupa uliovunjika ufungwe kwa vijiti au mbao kama ulivyo. Usiunyooshe.

Aliyetupwa kutoka juu, shingo na mgongo wake visikunjwe. Watu wanne au zaidi wamwinue pamoja, alazwe juu ya mlango au ubao. Msimbebe kwa mikono na miguu kama mbuzi.

Asipewe kunywa wala kula, kama anaweza kuhitaji kupasuliwa.

Na la mwisho, ambalo limetuponyoka mara nyingi: mtu anasimama, anapangusa matope, anasema “mimi sina kitu”. Naye aje zahanati. Tumbo likianza kuuma au kuwa gumu, akipauka, akitoka jasho baridi, au mkojo ukiwa na damu, basi anavuja damu ndani, na hospitali iko mbali. Kila saa ni mali.

Neno kwa jamaa

Mama, baba, unayetafuta nafasi ya kurudi kambini kutoka soko: usikubali kukaa juu ya mzigo, hata kama mvua inakuja, hata kama shofere ni shemeji yako. Una haki ya kumwambia, “Baba, pole pole.” Usione haya. Na ukiona motokari imevaa mipira mikubwa iliyofungwa Jumapili chini ya mwembe, usiipigie makofi. Uliza ni fundi gani aliyepima freni zake.

Ndugu shofere, mimi sikuoni kuwa mtu mbaya. Yule wa kisa chetu hakuwa mbaya. Alitaka kupita matope ili watu wafike nyumbani. Mama wa mihogo alilazwa akiwa amefungwa mguu kwa wiki nyingi, na leo anatembea kwa fimbo. Kila soko alikuwa akirudi kwa miguu, hakupanda tena motokari. Na yule shofere, kila alipompita njiani, alisimama, akashuka, akamchukulia kikapo chake mpaka mlangoni. Hakuna aliyemlazimisha.

Tusimamie usalama kabla ya kulazimika kuchukuliana vikapo.

Afya ni mali. Mwendo wa polepole ndio unaofika.